Jifunze GIS kwa Mto Mirongo: kutoka data ya mwinuko hadi ramani ya mmomonyoko

Wengi wanaoanza kujifunza GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, huanza na ramani ya Tanzania nzima. Wanapaka mikoa rangi, wanaweka mshale wa kaskazini, wanaitazama wiki moja, kisha programu inalala. Ramani ya nchi nzima haikuambii umekosea wapi, maana hakuna anayeijua nchi nzima kwa macho yake. Mto Mirongo utakuambia. Unapita Mabatini na katikati ya mji wa Mwanza kabla ya kuingia Ziwa Victoria, na mvua kubwa ikishanyesha kila mkazi anajua maji yalipita wapi na yaliingia nyumba ya nani. Kompyuta ikikuchorea mto unaopanda kilima, utacheka, halafu utaanza kutafuta kosa. Hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

Tutafanya kazi moja tu: ramani inayoonyesha sehemu zipi za kidakio cha Mirongo, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huishia mtoni humo, ziko hatarini zaidi kupoteza udongo. Modeli tutakayotumia inaitwa RUSLE. Ni ya zamani, ni rahisi, na ina mapungufu nitakayoyataja. Lakini ndani yake zimo karibu kazi zote za msingi za GIS ya mazingira: kubadili koodineti, kufuata maji, kukokotoa rasta (ramani ya pikseli, kila moja na namba yake), kuchora kwa mkono, na kwenda kuhakiki.

Vifaa na bando

Programu ni QGIS, ya bure. Chukua toleo lile linalotunzwa kwa muda mrefu, si lile jipya kabisa. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha. Ya GB 4 itavumilia kwa eneo dogo kama hili, ila usifungue vichupo ishirini vya intaneti pembeni. Faili la kusakinisha ni kubwa, karibu GB 1, kwa hiyo lipakue kwa kifurushi cha usiku au mwombe aliyenalo akuwekee kwenye flash. Ukishasakinisha, nenda kwenye orodha ya programu-jalizi uhakikishe GRASS imewashwa. Hiyo ndiyo itakayotukokotolea maji.

Tengeneza folda moja kwenye diski, jina fupi lisilo na nafasi: mirongo. Ndani yake weka folda tatu: ghafi, kazi, matokeo. Kilichopakuliwa kinakaa ghafi na hakiguswi tena. GRASS husumbua sana majina ya folda yakiwa na nafasi au mabano, na ujumbe wa kosa utakaoupata hautakuambia kuwa tatizo ni hilo.

Data tatu za kuanzia

Ya kwanza ni mwinuko. Fungua akaunti ya bure OpenTopography, chora mstatili kuanzia ziwani hadi Kisesa, na upakue data ya Copernicus ya mita 30. Faida ya tovuti hiyo ni kwamba inakukatia eneo lako tu, hivyo faili linakuwa dogo. Unaweza pia kutumia SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000. Ukiichukua SRTM kwenye tovuti zinazotoa vipande vya digrii moja moja, kumbuka mstari wa longitudo 33 unapita mashariki ya mji. Kipande cha mji wenyewe ni S03E032, lakini ukielekea Magu unahitaji pia S03E033. Vipakue vyote viwili uviunganishe kabla ya jambo lingine lolote.

Chora mstatili mkubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Maji hayajui mpaka wako, na ukikata data karibu na ukingo wa kidakio, modeli itakosa maji yanayotoka nje ya picha.

Ya pili ni picha ya satelaiti ya Sentinel-2. Bendi ya 4 na ya 8, yaani tabaka mbili za mwanga katika picha hiyo, zote za pikseli ya mita 10, zinatosha kukuonyesha uoto. Kipande kizima hukaribia GB 1, basi tafuta njia ya kupakua bendi unazohitaji peke yake. Kuhusu tarehe, wengi huchukua picha ya Juni au Julai kwa sababu mawingu ni machache. Mimi ningetafuta ya Septemba au mwanzo wa Oktoba. Vuli inapofika, udongo unakuwa mtupu na mashamba yametifuliwa, na mvua za mwanzo ndizo zinazobeba udongo mwingi. Picha ya Mei, kila kitu kikiwa kijani, itakudanganya.

Ya tatu ni mito, barabara na majengo kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Programu-jalizi ya QuickOSM inazivuta moja kwa moja ndani ya QGIS.

Koodineti

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu wengi kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Data ya mwinuko inakuja kwa digrii, yaani mfumo wa EPSG:4326 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo wa koodineti). Ukipima mteremko hapo hapo, kompyuta inalinganisha mwinuko wa mita na umbali wa digrii, na matokeo yake kilima cha Bugando na uwanja wa ndege vyote vinakuwa na mteremko wa karibu digrii 90. Ukiona mji mzima umesimama wima kama ukuta, usihangaike na zana ya mteremko. Rudi kwenye koodineti.

Mwanza iko kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo unaopima kwa mita, namba yake EPSG:32736. Badilisha rasta zote ziende huko. Kwa mwinuko tumia njia ya bilinia, inayolainisha thamani kati ya pikseli jirani. Kwa ramani za makundi, kama aina za udongo, tumia ya jirani wa karibu, la sivyo utapata udongo wa aina ya 2.5, ambao haupo duniani.

Kisha hakiki kwa macho. Weka kishale cha kipanya katikati ya mji, usome namba chini ya dirisha. Ya mashariki iwe karibu 489,000 na ya kaskazini karibu 9,721,000. Ukiona namba ya kaskazini ina alama ya kutoa, umechagua kanda ya 36 kaskazini, ambayo ni ya Uganda.

Pointi ulizochukua kwa simu zina mitego yake pia. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, pointi ya Mwanza itaangukia kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira. Ukibadilishana latitudo na longitudo, utajikuta mashariki mwa Moroko. Longitudo, 32.9, ndiyo X. Latitudo, -2.5, ndiyo Y.

Na kama kuna mtu ofisini aliyekupa ramani ya zamani ya karatasi iliyoskaniwa, angalia pembeni kama imeandikwa Arc 1960. Huo ni mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, namba yake EPSG:21036 kwa kanda yetu. Ukiuchanganya na wa kisasa bila kubadili, kila kitu kinahama karibu mita 300. Mita 300 Mwanza mjini zinatosha kulitoa soko nchi kavu na kulitupa ziwani.

Kufuata maji

Sasa fungua kisanduku cha zana, andika r.watershed. Mpe rasta ya mwinuko iliyokwisha kubadilishwa. Hii zana haihitaji ujaze mashimo kwanza, inajitafutia njia yenyewe. Itakuuliza kidakio kiwe na seli ngapi angalau. Anza na 500. Pikseli moja ya mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, yaani zaidi ya viwanja viwili vya 20 kwa 20, hivyo seli 500 ni hekta 45. Ukitaka vijito vidogo zaidi, punguza namba.

Omba matokeo matatu: mrundikano wa mtiririko (idadi ya pikseli zinazomwaga maji kwenye kila pikseli), mwelekeo wa maji, na mistari ya mito. Weka mistari hiyo juu ya mto wa OpenStreetMap, ulinganishe.

Hailingani, au siyo? Kuna sababu. Kwanza, satelaiti iliona mapaa ya nyumba na vilele vya miti badala ya ardhi, kwa hiyo nyumba zilizosongamana zinakuwa kama kilima kidogo na mto unazunguka. Pili, sehemu za Mirongo mjini zimejengewa kuta, na mfereji wa mita chache hauonekani kabisa kwenye pikseli ya mita 30. Tatu, kalvati chini ya barabara kwenye data ni ukuta, kwa sababu barabara iko juu.

Dawa ni kuuchimba mto. Chora mstari wa Mirongo wewe mwenyewe juu ya picha ya satelaiti, kwa subira, kona kwa kona. Ugeuze uwe rasta yenye thamani 1 mtoni na 0 kwingine. Kisha kwenye kikokotoo cha rasta toa mita 8 hivi kwenye mwinuko pale penye 1. Endesha r.watershed tena. Maji sasa yatafuata mto.

Ndani ya ziwa utaona mistari iliyonyooka ya ajabu, kama mtu aliyechora kwa rula. Ziwa kwenye data ni bapa kabisa, mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na kompyuta isipoona mteremko inabuni. Ipuuze, au tengeneza poligoni (umbo lililofungwa) ya ziwa na uikate. Ukingo wenyewe wa ziwa unategemea mwaka wa data: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, kwa hiyo ukingo wa SRTM ya 2000 na wa picha ya miaka ya karibuni haviwezi kukutana, hasa kwenye fukwe bapa.

Kupata kidakio chenyewe, tumia r.water.outlet. Inahitaji ile rasta ya mwelekeo na koodineti za mdomo wa mto. Kuza picha hadi uone pikseli moja moja, na ubofye ndani ya pikseli ya mto, kidogo kabla ya ziwa. Ukibofya pembeni hata kwa pikseli moja, utapewa kidakio cha ukubwa wa uwanja wa mpira.

Ukiona namba hasi kwenye mrundikano, r.watershed inakuonya kwamba sehemu hiyo huenda inapokea maji kutoka nje ya rasta yako. Ndani ya Mirongo zisiwepo. Zikiwepo, mstatili wako ulikuwa mdogo. Rudi ukapakue upya.

Modeli yenyewe

RUSLE ni kuzidisha vitu vitano: R ya nguvu ya mvua, K ya wepesi wa udongo kumomonyoka, LS ya urefu na ukali wa mteremko, C ya uoto, na P ya hifadhi kama matuta. Jibu huwa tani kwa hekta kwa mwaka.

LS inatoka kwenye kazi uliyokwisha fanya. Pima mteremko kwa digrii, kisha andika kwenye kikokotoo cha rasta:

(mrundikano × 30 / 22.13)^0.4 × (sin(mteremko × 0.01745) / 0.0896)^1.3

Ile 22.13 ni urefu kwa mita wa viwanja vya majaribio vya Marekani ambako modeli hii ilizaliwa, na 0.0896 inatokana na mteremko wa viwanja hivyo, asilimia 9. Ile 0.01745 inageuza digrii kuwa radiani, kwa sababu kikokotoo hakijui digrii. Ukiisahau, ramani itatoka na mabaka yasiyo na mpangilio, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea.

Usiamini rasta kabla hujakokotoa pikseli moja kwa mkono. Chukua yenye mrundikano wa 4 na mteremko wa digrii 10: LS iwe karibu 4.6. Mteremko ukiwa digrii 20, mrundikano ule ule, inaruka hadi karibu 11.2. Zikilingana na rasta yako, endelea. Pikseli za mto wenyewe, zile zenye mrundikano mkubwa, ziondoe. RUSLE hupima udongo unaochukuliwa na maji yanayotambaa juu ya ardhi na vijifereji vidogo. Makorongo haiyahesabu. Wala haikuambii ni udongo kiasi gani unafika ziwani, kwa sababu mwingi hutua njiani, kwenye mitaro na mabondeni.

R inaweza kukusumbua bure. Fomula za kuitoa kwenye mvua ya mwaka ziko nyingi na majibu yake hupishana mno. Tena data ya mvua ya CHIRPS, inayoanzia 1981, ina pikseli ya kilomita 5 na ushei, na kidakio cha Mirongo kinaingia kwenye pikseli chache mno. Kwa hiyo R ni kama namba moja kwa kidakio chote, haiwezi kubadili nani wa kwanza na nani wa mwisho. Weka 1. Utakachopata hakitakuwa tani, kitakuwa mpangilio wa hatari, na huo ndio unaoweza kuutetea mbele ya mtu. Anayekuletea ramani ya kidakio kidogo yenye tani mpaka desimali mbili, mwulize R aliitoa wapi.

K ina hazina ya hapa kwetu. SoilGrids inatoa udongo wa dunia nzima kwa pikseli ya mita 250, ambayo kwa Mirongo ni pana mno. Lakini Wasukuma wamekuwa wakiupanga udongo wao kwa nafasi yake kwenye mteremko: juu, chini ya majabali, ni luseni, mchanga uliotokana na graniti; chini yake itogolo, yenye tabaka gumu lisilopitisha maji; mabondeni ni mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Mtaalamu Geoffrey Milne alipoeleza mpangilio wa namna hii mwaka 1935, akiutoa Afrika Mashariki, wanasayansi wa udongo duniani waliuchukua na wanautumia hadi leo. Ukifanya kazi nje ya mji, Usagara au Misungwi, tengeneza ramani ya K kwa kugawa mteremko katika mikanda hiyo, kisha muulize mkulima kama umeipanga sawa. Atakusahihisha haraka kuliko maabara. Ndani ya Mirongo, sehemu kubwa unaweza kuanza nayo kama mchanga wa luseni, yaani K ile ile kila mahali.

C ichore kwa mkono. Ndiyo, kuna fomula za kuitoa kwenye picha ya Sentinel-2, lakini eneo ni dogo na kuchora kutakufundisha zaidi. Tumia picha hiyo kama mwongozo: miti iliyofunga chini ya 0.01, shamba la mahindi kati ya 0.3 na 0.5, ardhi tupu iliyotifuliwa 1. Mapaa ya bati yape sifuri, lakini ukumbuke kitu ambacho modeli haikijui: bati halimomonyoki, ila linakusanya maji na kuyaachia kwa jirani wa chini. Mteremko ulio chini ya nyumba nyingi utakuwa na hali mbaya kuliko ramani inavyosema.

P iwe 1 kila mahali, isipokuwa umeona matuta kwa macho yako.

Kabla ya kuzidisha, hakikisha rasta zote zina ukubwa mmoja wa pikseli na kingo zinazolingana. Chagua ile ya mwinuko iwe mama, nyingine zote ziifuate.

Majabali

Zidisha, tazama. Sehemu nyekundu kuliko zote zitakuwa vilele vya mawe. Modeli iliona mteremko mkali na hakuna uoto, ikapiga kelele. Lakini jabali halina udongo wa kupoteza. Katika mji huu kosa hili litajaza ramani yako yote usipoliondoa, na mwalimu wa video ya YouTube hatakwambia, maana kwao hakuna mawe kama yetu.

Chora poligoni za mawe juu ya picha ya karibu ya satelaiti, uzipe K ya sifuri. Mawe yaliyochanganyika na nyumba ndiyo kazi ngumu. Hapo kadiria, na uandike kwenye leya kwamba ni makadirio. Ramani ikishaondolewa mawe, wekundu hushuka na kukaa kwenye miguu ya vilima, pale mchanga wa luseni unapoanza. Hapo sasa inaanza kufanana na mji unaoujua.

Kwenda kuhakiki

Weka ramani kwenye simu kwa QField, ya bure. Chagua pointi kwenye makundi matatu, hatari kubwa, ya kati na ndogo, na uzichague nyumbani kabla ya kutoka. Usizichague njiani, maana utavutwa na pale palipoharibika zaidi. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtu anayezunguka kwenye nyumba za watu akipiga picha bila kujitambulisha anaonekana kama mtu wa bomoabomoa.

Kwenye kila pointi tafuta dalili: msingi wa nyumba uliobaki hewani, mizizi ya mwembe iliyo nje, mchanga uliojaa mtaroni, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya ukuta. Kiroba ni ushahidi mzuri kuliko picha nyingi, kwa sababu kuna mtu aliyelipia kukijaza. Muulize mwenye nyumba viliwekwa mwaka gani na maji yanatokea upande gani. Andika jibu kwenye pointi hiyo hiyo.

Ukirudi, tumia zana ya kusoma thamani ya rasta kwenye pointi, uweke safu mbili pembeni: kundi la modeli na kundi ulilolikuta. Hesabu zilizolingana. Zisizolingana zitazame moja moja kwenye ramani. Mara nyingi zina sababu moja, kama kalvati uliyoisahau au mapaa yaliyo juu yake.

Kisha cheza na C: ipandishe kwa asilimia 20 kwenye mashamba, endesha upya. Maeneo ya juu yakibaki yale yale, una kitu cha kuonyesha. Yakibadilika yote, ramani yako inasimama juu ya namba uliyoikisia, na inabidi urudi kuichora C kwa makini zaidi.

Ukimaliza Mirongo

Nenda kidakio cha Magogo na Moame, kinachomwaga Ghuba ya Mwanza, au Mto Simiyu unaoingia Ghuba ya Speke. Huko umbali ni mkubwa, mvua inatofautiana kati ya juu na chini, kwa hiyo R inarudi kuwa na maana na CHIRPS itakufaa. Ukihitaji vipimo vya mtiririko wa mito, andika barua Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza, ueleze mto gani, miaka gani na kwa kazi gani. Barua inayosema tu "naomba data" hukaa mezani.